Mnene kwa Macho ya Nani?

Nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya maneno tuyatumiayo tunapotaja mwili wa mtu mzima: mnene, mwembamba, mrefu, mfupi, wa kadiri, aliyejaa, aliyekonda. Maneno haya aghalabu huyatamka bila kuyatafakari, tukidhani kwamba yanamweleza yule anayesemwa, ilhali kwa sehemu kubwa yanamweleza yule anayesema, na mahali alipokulia, na zama alizomo, na haja aliyo nayo kwa mwenziwe.

Redioni husomwa mara kwa mara matangazo ya watu waliopotea. Jamaa wa aliyepotea, hali wamefadhaika, huandika kwamba ndugu yao ni mtu wa makamo, maji ya kunde, mwembamba, mrefu wa kadiri, na kwamba mara ya mwisho alionekana amevaa shati la samawati. Shati hilo kila msikilizaji hulijua. Lakini kadiri hiyo ya urefu ni kadiri ya nani? Aliyeandika huenda ametoka nyumba ya watu warefu, ambao kwao mtu wa futi tano na inchi kumi ni wa kawaida tu, na anayesikia huenda anakaa mtaa ambao mtu wa kimo hicho huitwa mrefu na kila amwonaye. Na lau tangazo hilo lingesomwa Uholanzi, ambako wastani wa urefu wa wanaume hupita sentimita 180, mtu huyo huyo angetafutwa miongoni mwa wafupi. Nia ya tangazo ni njema kabisa, na hata hivyo watu kumi wanaolisikia huchora nyoyoni mwao watu kumi mbalimbali. Ndiyo sababu jamaa wenye busara huongeza alama isiyobishaniwa: kovu juu ya jicho la kushoto, jino lililong'oka, mguu unaochechemea.

Sifa za ukubwa hazina mizani ndani yake. Huazima mizani kutoka kwa kitu kinachosifiwa na kutoka kwa jicho linalotazama, na ndiyo maana mtoto mrefu ni mfupi kuliko mzee mfupi, wala hapana mtu anayetatizwa na jambo hilo. Tatizo huanza tunapowatazama watu wazima wenzetu, kwani hapo kila mmoja wetu amebeba mizani aliyoitengeneza mwenyewe tangu utotoni, kwa miili ya mama zake na shangazi zake, ya majirani wa mtaani, na zaidi ya yote kwa mwili wake mwenyewe auonao katika kioo; na mizani hiyo, kwa kuwa hakuichagua, haioni, hata hudhani kwamba haipo.

Tena Kiswahili kimetajirika mno katika mlango huu. Kunona ni kwa mbuzi na ng'ombe, kunenepa ni kwa binadamu, na amwambiaye mtu mzima kwamba amenona, ama ni mtani wake, ama amekusudia kumvunjia heshima. Juu ya unene peke yake tunasema mtu amenawiri, amejaa, ameshiba mwili, ni pandikizi la mtu, ni wa miraba minne, ni bonge, ni mnene tipwatipwa. Na juu ya wembamba twasema kimbaumbau, na gofu la mtu, na mifupa mitupu. Mgeni wa lugha angeweza kudhani kwamba hizi ni daraja zinazopandana kutoka kilo chache hadi kilo nyingi. La, hasha! Mama mkwe aliyeridhika na mkamwana wake atasema kwamba amenawiri, na wifi aliyeudhika atasema juu ya mwili uleule, siku ileile, kwamba amekuwa bonge. Kilo hazikuzidi hata moja baina ya kauli mbili hizo. Miraba minne ni sifa ya mwanamume, yenye kutaja nguvu na haiba, lakini itamke juu ya mwanamke uone atakavyokukunjia uso. Na neno bonge lenyewe, ambalo wifi alilirusha kama jiwe, katika vijiwe vya vijana ni jina la mahaba, na yuko mtu ambaye rafiki zake wote humwita hivyo mbele ya watu naye huitika kwa furaha, ila akiitwa vivyo hivyo na mtu asiyemjua ndani ya basi ataona ametukanwa barabara.

Kwa muda mrefu katika nchi zetu, kunenepa kulikuwa ni habari njema. Aliyerudi kutoka safari, au mjini, au Uarabuni alikokwenda kutafuta riziki, alipokelewa kwa kuambiwa kwamba amenenepa, na aliyeambiwa alifurahi, kwa sababu maana ya kauli ile haikuwa mwili hasa, bali ilikuwa kwamba huko ulikokuwa ulikula, ulilala, na hukuonewa. Mzazi alipotoka katika arubaini yake, baada ya kunyweshwa uji wa pilipili manga na supu, na kukandwa kwa maji ya moto, majirani waliutazama mwili wake ili waone kama nyumba ile ilimtunza, na wembamba wake ungekuwa aibu ya mumewe na wakweze kabla haujawa jambo lake mwenyewe. Kadhalika kitambi cha mwanamume kilihesabiwa kuwa ni hati ya cheo, na mkubwa wa ofisi asiyekuwa nacho alionekana kana kwamba cheo chake hakijakamilika. Kukonda, kwa upande wake, kulikuwa ni neno la huruma: mtu hukonda kwa njaa, kwa maradhi, au kwa mawazo, na aliyeambiwa amekonda alikuwa anaulizwa, kwa njia ya staha, ni nini kinachomsumbua.

Kisha yakatokea mambo yaliyoligeuza neno hilo, na hapa naomba nitue kidogo, kwa kuwa sijui mfano mwingine wa karibu nasi unaoonyesha kwa uwazi namna hii jinsi neno la mwili linavyoweza kubadilika na mwili ukabaki vilevile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, na ng'ambo ya mpaka katika mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, yalizuka maradhi ambayo dalili yake iliyowatisha watu kuliko zote ilikuwa ni kupukutika kwa mwili. Waganda wa vijijini wakayapa jina la Slim, yaani wembamba, na jina hilo likaingia mpaka katika makala ambayo madaktari waliichapisha mwaka 1985 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Upande wa Kagera wengine wakayaita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Baadaye tukapata neno UKIMWI. Lakini kabla neno hilo halijazoeleka, na hata baada ya kuzoeleka, watu hawakulihitaji sana, kwani ilitosha kusema kwa sauti ya chini kwamba fulani amekonda.

Zingatieni, wasikilizaji wangu, uzito uliowekwa juu ya neno hilo moja. Lililokuwa swali la huruma likawa hukumu isiyo na rufaa. Walikuwapo watu wembamba kwa maumbile, waliorithi wembamba kwa baba na babu, ambao kwa miaka arobaini waliitwa wembamba bila ya mtu kulifikiria neno, na sasa wakaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni kisimani, na msikitini, na kanisani. Wachumba wakavunja ahadi zao. Waajiri wakaanza kuulizauliza. Miili yao haikubadilika hata chembe. Katika miaka ya 2000 zilipoenea dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo zimewaokoa watu wasiohesabika na ambazo kila mwenye insafu hana budi kuzishukuru, baadhi ya dawa za mwanzo, hasa ile iitwayo stavudini, zilikuwa na athari ya kuyahamisha mafuta ya mwilini, hata mashavu yakabonyea na mikono ikapungua huku tumbo likiongezeka. Basi tumbo nalo likaanza kunong'onewa, mpaka Shirika la Afya Duniani likapendekeza mwaka 2009 dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua. Mgonjwa aliyepona kukonda akajikuta anahukumiwa kwa kunenepa. Na huko Khayelitsha, kando ya mji wa Cape Town, wanawake waliozungumza na watafiti walieleza kwamba waliogopa kupunguza mwili, japo walijua hatari ya shinikizo la damu na kisukari, kwa sababu walihofia watu wangesema kwamba wana virusi. Yaani neno lilimzuia mtu asijitibu. Mimi sioni jambo dogo katika hilo.

Huenda akatokea msikilizaji aseme: basi tuyaache maneno, tutumie hesabu, kwa sababu hesabu haina wifi wala mama mkwe. Hoja hii ina nguvu nami naiheshimu, lakini tuitazame hesabu yenyewe ilikotoka.

Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mwanahisabati wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1796, alitaka kujua wastani wa binadamu kama alivyojua mwendo wa nyota, na katika kitabu chake cha mwaka 1835 akaeleza habari za mtu wa kadiri, mtu ambaye hayupo popote ila katika wastani wa watu wengi. Yeye ndiye aliyeona kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takriban kama mraba wa kimo. Hakuwa tabibu, wala hakukusudia kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba amezidi au amepungua. Alikuwa akihesabu umati, na umati wenyewe ulikuwa wa Ulaya. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1972, Ancel Keys na wenziwe wa Marekani wakaichukua hesabu hiyo na kuipa jina ilitumialo leo ulimwenguni kote, nasi tumeizoea zahanatini: kilo zako zigawanywe kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 64 hupata 25.

Hesabu ile ni ya haki, nayo haimwonei mtu. Lakini haisemi kitu mpaka mtu abandike neno juu yake, na hapo ndipo jicho linaporudi. Marekani hadi mwaka 1998 ilikuwa imeweka mpaka wa uzito uliozidi kuwa 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo taasisi za afya za serikali yao zikauteremsha hadi 25 kwa wote, naye mwanamke wetu wa mita 1.60, kama alikuwa na kilo 67, alilala ni mtu wa kawaida akaamka amezidi, yeye na mamilioni wengine, bila ya kula tonge zaidi. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani likaona kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari ya kisukari huanza mapema, likashauri nchi hizo zianze kujihadhari tangu 23, ambayo kwa kimo hicho ni kilo 59 hivi. Na Japani, mtu aliyefika 25 huitwa kwa jina ambalo kwingineko hupewa aliyefika 30. Basi mchukueni mwanamke huyu na kilo zake 65: akishuka Tokyo daktari humwambia amekuwa mnene, Nairobi huambiwa amezidi kidogo, na akifika Tanga kwa shangazi yake huambiwa akae ale, mbona wamemkondesha hivi!

Sisemi kwamba sababu za mipaka hiyo hazina maana. Zina maana, na zimetokana na hesabu za wagonjwa na vifo. Nasema tu kwamba mpaka ni wa tabibu na neno ni la watu, na viwili hivi vimechanganywa mno. Wenzetu wa bima walikwisha kulionyesha jambo hili kabla ya Keys. Kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilitoa katika miaka ya 1942 na 1943 majedwali ya uzito ufaao, yaliyogawanywa kwa watu wa umbo dogo, umbo la kati na umbo kubwa. Walakini hawakueleza umbo hilo lipimwe vipi, na ilibidi kusubiri majedwali ya mwaka 1983 ndipo upana wa kiwiko ukatajwa kuwa kipimo. Kwa muda wa miaka arobaini, basi, tarakimu zilizoonekana yakini zilisimama juu ya neno moja ambalo kila mtu alilijaza kwa jicho lake, na nadhani wengi walijihesabu umbo kubwa pale lilipowafaa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakadai kwamba umbo ni dirisha la tabia. Mjerumani Ernst Kretschmer katika mwaka 1921, na Mmarekani William Sheldon katika mwaka 1940, waliwagawa watu mafungu matatu, wanene wa mviringo, wenye misuli, na wembamba, kila fungu na tabia zake na maradhi yake ya akili, na Sheldon akakusanya picha za wanafunzi wa vyuo vikuu vilivyotukuka waliopigwa uchi pasipo kuelezwa sawasawa kinachotakiwa. Elimu hiyo imekwisha kuachwa, ingawa majina ya mafungu yake bado hutajwa katika kumbi za mazoezi kana kwamba ni majina ya makabila.

Lakini mfano mchungu kuliko yote ni wa mwanamke wa Kikhoikhoi, Saartjie Baartman, aliyezaliwa karibu na mwaka 1789 katika sehemu za mashariki za Rasi, Afrika Kusini ya leo. Kwao mwili wake ulikuwa ni mwili wa mwanamke miongoni mwa wanawake, wenye nyonga na makalio kama ya mama zake na dada zake, usiohitaji neno la ziada. Mwaka 1810 akachukuliwa hadi London, na mwili uleule, kwa kuvuka bahari tu, ukawa ajabu ya kutazamwa kwa kiingilio, ukatungiwa jina la kejeli na kuchorwa katika vikaragosi. Akafa Paris mwishoni mwa mwaka 1815. Mtaalamu mkubwa wa wanyama, Georges Cuvier, akampasua na kuyaandika maumbile yake kwa maneno ambayo wakati huo yalihesabiwa kuwa ni elimu tupu isiyo na upendeleo. Na viungo vyake vikawekwa katika makumbusho kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, mpaka Afrika Kusini ilipompokea na kumzika Hankey tarehe 9 Agosti 2002. Na kabla ya karne ile aliyofia kwisha, mabibi wa Ulaya wakawa wanatia vitambaa na vyuma nyuma ya sketi zao ili waonekane na lile ambalo kwake liliitwa kasoro.

Siku hizi vijana wetu wana maneno yao, nami siwalaumu, kwani kila zama na lugha yake. Msichana mwembamba huitwa modo, mwenye nyonga huitwa namba nane au mwenye shepu, na yuko asifiwaye kwa umbo la Kibantu kana kwamba Wabantu wote, kutoka Kameruni hadi Natal, walikatwa kwa kielelezo kimoja. Ninachokichelea ni kasi. Zamani neno juu ya mwili lilitamkwa na shangazi mbele ya mtu, na aliyeambiwa aliweza kujibu, au kucheka, au kununa hadi jioni; sasa picha ya mtu hutazamwa na maelfu wasiomjua, kila mmoja na mizani aliyotoka nayo kwao, na maneno yao humfikia yote kwa pamoja, ya sifa na ya dharau, naye akayapokea kana kwamba wote wametazama kwa jicho moja.

Kuyaondoa maneno haya haiwezekani, wala sipendi yaondoke, kwa sababu yamo mapenzi mengi ndani ya kumwambia mtu kwamba amenawiri. Ninalolitaka ni dogo, nalo nalitaka kwa dhati, hasa kwa wauguzi na matabibu, ambao neno lao mgonjwa hulibeba hadi nyumbani. Mama aliyekuja kupima shinikizo la damu akiambiwa mbele ya foleni kwamba yeye ni mnene mno, atasikia sauti ya wifi yake, si ya tabibu, na huenda mwezi ujao asirudi. Na aambiwe faraghani kwamba kilo zake ni 67, na mzunguko wa kiuno chake ni sentimita 90, na kwamba kwa wanawake hatari ya moyo na ya kisukari huongezeka kiuno kikipita 80, na huongezeka sana kikipita 88. Kisha aulizwe ni kazi gani aifanyayo, na anakula saa ngapi, na kwao nani aliwahi kuugua kisukari. Hapo atakuwa na jambo la kujibu.